Mkate Uliotiwa Rangi

Kulikuwa na mama mmoja mjane mwenye wana wawili, na wana wote wawili walikuwa wameoa. Kiswahili sanifu kinawaita wake wa wana wakazamwana, lakini sisi huku tunasema wakwe tu, basi na mimi nitasema hivyo: mkwe mkubwa, ambaye ni mke wa mtoto wa kwanza, na mkwe mdogo, ambaye ni mke wa kitindamimba. Nishikieni hao watu watatu, mama na wakwe zake, maana sitaki mtu yeyote apotee njiani halafu aniulize tukishatoka nje nani alikuwa nani.

Mama huyu alikuwa na kisukari. Tena alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu, kidole kile kinachofuata kidole gumba. Kilianza na kiatu kilichombana siku ya harusi. Mnaouguza watu wa kisukari mnajua kwamba kwao kidonda kidogo si kidogo. Daktari wa kliniki alikitazama, akavua glovu, akamwambia:

"Mama, sukari ikishuka, hiki kitakauka chenyewe. Isiposhuka, kidole hiki tutakitoa."

Akamtajia vya kuacha. Soda, mama aliacha. Sukari kwenye chai, aliacha akinung'unika. Lakini alipoambiwa aache mkate mweupe, alitokwa na machozi pale pale mbele ya daktari. Msicheke. Ninyi mngeambiwa muache chai ya asubuhi na kitu cha kuishushia, wangapi mngetoka kliniki mnatabasamu?

Sasa, mama alikuwa anaishi kwa mkwe mkubwa. Na hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu mhubiri akishatamka neno wivu, kila mtu kichwani mwake anaanza kuchora mwanamke mwenye macho makali na mdomo uliopinda. Mkwe mkubwa hakuwa hivyo. Ndiye aliyekuwa akimwogesha mama. Ndiye aliyekisafisha kile kidonda kwa maji ya chumvi, na kidonda kile kilikuwa na harufu, wala hakuwahi kugeuza uso. Alimkata mama kucha taratibu, akishikilia pumzi, asije akamchubua. Alikuwa akipika, akifua, akimpeleka kliniki na kumrudisha. Nawauliza: kwa kazi zote hizo, nani alimwambia asante? Nani anashukuru kwa maji ya kuoga? Yapo tu. Unayakuta yamepashwa moto kama vile yamejipasha.

Mkwe mdogo aliishi mtaa wa pili. Alifanya kazi ofisini, na nyumbani kwake alikuwa na mashine ya kuoka mkate.

Niieleze kidogo, maana si wote tumeiona. Ni kama ndoo ya mraba yenye mfuniko na vitufe. Ndani mna sufuria, na chini ya sufuria mna kibawa cha chuma kinachozunguka. Unaweka maji, mafuta, chumvi, unga na hamira juu, unafunika, unabonyeza. Yenyewe inakanda, yenyewe inasubiri uumuke, yenyewe inaoka. Mkwe mdogo alipopata habari kwamba mama amekatazwa mkate mweupe, alitafuta unga wa ngano isiyokobolewa, ule wenye pumba zake zote, akatia na mbegu za alizeti na ufuta, akaoka. Sukari hakuweka. Jumamosi akaufunga mkate kwenye kitambaa, ukiwa bado na joto, akampelekea mama.

Mama alikata kipande. Akakinusa kwanza. Akatafuna polepole, zile mbegu zikilia kwenye meno, halafu akafumba macho.

"Mwanangu," alimwambia mkwe mdogo, "umenirudishia asubuhi yangu."

Mkwe mkubwa alikuwa mlangoni amebeba beseni la maji ya kuoshea mguu wa mama. Alisikia. Aliliweka beseni chini polepole sana, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Hapo ndipo wivu ulipoingia. Haukuingia kwa kishindo. Uliingia kwa sentensi moja ya mgonjwa aliyefurahi.

Kuanzia siku ile, kila Jumamosi mkate ulikuja kwenye kitambaa. Na mama, kama wagonjwa walivyo, alikuwa na jambo moja la furaha, basi akalizungumza. Akija jirani, "Kaa nikuonjeshe mkate wa mkwe wangu." Akija mchungaji kumwombea, "Mchungaji, kabla hujaomba, onja." Ijumaa anauliza, "Kesho si Jumamosi?" Na mkwe mkubwa yuko pale pale, anamfunga bandeji.

Usiku mmoja wakiwa wanakula, mume wake alikata kipande cha ule mkate akakitia mdomoni. Mkwe mkubwa akamwangalia.

"Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Mkate gani huo wa kubonyeza? Watu tunakanda mpaka mabega yanauma, mwenzetu anabonyeza kitufe anaenda kupaka rangi kucha."

"Lakini ni mtamu, mama watoto. Lazima tuseme kweli."

"Basi kaoe mashine."

Mnacheka. Mume naye alicheka. Mkwe mkubwa peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Na nataka mwone wivu ulivyo mjanja. Kidonda cha mama kilianza kukauka. Mkwe mkubwa ndiye wa kwanza kuona, kwa sababu ndiye aliyefungua bandeji: pembeni ngozi imeanza kuwa ya waridi, usaha umepungua. Miezi aliyoomba kwa ajili ya kidonda kile! Sasa kinapona, naye anakitazama, na kabla ya kusema "Asante Mungu", moyo wake ukasema kwanza: watasema ni mkate wake. Angalia hapo. Alichokiomba kwa magoti kimekuja, na hawezi kukifurahia kwa sababu kimekuja kwa mkono wa mtu mwingine.

Siku moja mama alimtuma kwa mkwe mdogo kurudisha vitambaa. Akamkuta jikoni, ndio kwanza anaanza kuweka vitu kwenye mashine. Mkwe mdogo alifurahi kweli.

"Dada, karibu! Umekuja wakati mzuri. Njoo nikuonyeshe, siku nikisafiri mama asikose."

Siku nikisafiri mama asikose! Mtu anakupa siri yake yote mkononi, bure, na bado anakuita dada. Mngejibuje?

Mkwe mkubwa alisema, "Aa, mdogo wangu, mimi mambo ya mashine nitayajulia wapi? Sisi wa mkaa tuache na mkaa wetu."

"Si lazima mashine, dada. Hata kwenye mkaa unatoka. Kazi ni kwenye maji tu. Huu unga—"

"Nimekwambia niache," akasema, akageuka kuangalia dirishani.

Lakini hakuondoka. Alisimama pale, uso dirishani na pembe ya jicho kwenye sufuria. Aliona unga wa rangi ya kahawia. Aliona mbegu. Aliona hamira. Alichokosa ni kile alichokuwa anaambiwa wakati ameuziba moyo wake: kwamba unga wenye pumba hunywa maji mengi kuliko unga mweupe, tena hunywa polepole, kwa hiyo lazima uongeze maji na uuache ukae kwanza kabla ya kuukanda. Ni jambo dogo. Lakini hilo dogo ndilo linaloamua kama utatoa mkate au utatoa tofali.

Alitoa tofali.

Alirudi na unga wake wa ngano isiyokobolewa, akaupimia maji kama alivyozoea kuupimia mweupe, akaukanda kwa hasira, akauoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Na kwa mkate mweupe mkwe mkubwa alikuwa fundi, nisiseme uongo, watu walikuwa wakimwagiza harusini. Alipofunua, mkate ulikuwa umelala chini ya sufuria, mzito, umepasuka katikati. Akaugonga kwa kisu. Ukatoa sauti ya mlango.

Alikaa kwenye kigoda akautazama. Kilichohitajika pale ni safari fupi mpaka mtaa wa pili na maneno machache: mdogo wangu, umesema maji yanakuwaje? Hayo tu. Alijua njia, na mlango ulikuwa unafunguliwa. Lakini kuuliza kungemaanisha kwamba yule anajua na yeye hajui. Akaona ni afadhali aufukie mkate shimoni kuliko kuuliza. Akaufukia, watoto wasiuone.

Halafu akapata wazo.

Mnajua akina mama tunavyoipa keki rangi. Unaweka sukari kwenye sufuria kavu, unaiacha iungue mpaka iwe nyeusi kama mafuta ya gari, unatia maji, inatoa mvuke, unapata rangi. Mkwe mkubwa alichukua unga wake mweupe, ule anaoujua, akaukanda na ile rangi ya sukari. Alipoonja kinyunya akakuta kina uchungu wa kuungua, akaongeza sukari nyingine kuuondoa uchungu. Juu akanyunyiza ufuta. Mkate ukaumuka! Ukajaa sufuria, laini, wa kahawia, unapendeza kuliko ule wa mashine. Mtu yeyote angeuona angesema, huo ndio mkate wa afya.

Alimkatia mama kipande.

"Mama, hebu onja na huu. Wa unga usiokobolewa, nimeukanda mwenyewe."

Mama akala. Akaomba kingine. Na kumbukeni alikuwa ni mtu wa mkate mweupe tangu usichana wake. Ulimi wake uliujua hata ukiwa umevaa nguo ya kahawia.

"Mwanangu," mama akasema, "kumbe na wewe unaweza! Huu unaushinda ule."

Unaushinda ule. Aliusubiri usemi huo kwa muda mrefu kiasi gani? Aliutembeza moyoni siku nzima kama mtu mwenye nguo mpya. Alifua akiimba. Na Jumamosi, mkate wa kwenye kitambaa ulipokuja, aliupokea vizuri sana, akamshukuru aliyeuleta, akaufungua nyuma ya nyumba, akaumega vipande, akawapa kuku. Kitambaa akakifua, akakinyoosha pasi, akakirudisha. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Mama akiuliza, anajibiwa, "Huo hapo mezani, kula kwanza huu wa leo usiharibike." Kuku wa nyumba ile walinenepa kwa mbegu za alizeti. Mama alikula sukari.

Kidonda kikarudi kulowa.

Ni yeye tena aliyefungua bandeji, na ni yeye tena aliyeona kwanza. Ile ngozi ya waridi ikawa ya zambarau. Sasa ndugu zangu, mtu huyu hakuwa mjinga. Alijua ameweka nini kwenye ule mkate. Je, hakuogopa? Aliogopa. Alijiambia, wiki hii napunguza sukari. Akapunguza, uchungu ukaonekana, mama akasema, "Leo vipi mkate wako?", akairudisha. Alijiambia, wiki ijayo naacha kabisa. Lakini wiki ijayo akiacha, mama atarudi kwa ule wa kitambaa. Kila alipoliona kosa lake, aliliona pamoja na uso wa mkwe mdogo unaotabasamu, na ule uso ulimtisha kuliko kidonda.

Mama akapelekwa hospitali akiwa na homa. Kidole kikatolewa.

Aliporudi nyumbani, mtoto wa kwanza aliita kikao cha familia. Mnajua vikao vyetu: viti vimepangwa, chai imeletwa hakuna anayeinywa, anayeongoza anakohoa kwanza. Akasema daktari amewauliza mama anakula nini, na yeye amejibu kwamba mama hali kitu kibaya, anakula mkate wa ngano isiyokobolewa tu.

"Lakini tuseme wazi," akaendelea. "Mama anakula mikate miwili. Huu wa nyumbani tunauona unakandwa hapa hapa kwa mikono. Ule mwingine unatoka kwenye chombo cha umeme. Ndani yake mnaingia nini, nani anajua?"

Watu wote wakamgeukia mkwe mdogo.

Angeweza kujitetea. Angeweza kusema, kidonda kilikuwa kinakauka kwa mkate huo huo. Lakini mtu mwenye dhamiri laini hujihukumu haraka. Alishuka kwenye kiti akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, nisamehe. Hizi wiki za karibuni nilitia kijiko cha asali. Niliona hamira haiamki vizuri, nikasema kijiko kimoja hakidhuru. Sikujua. Ni mimi niliyekukata kidole."

Akageuka, akamshika mkwe mkubwa mkono.

"Na wewe dada, nisamehe. Wewe ndiye unayemuuguza, mimi nakuharibia kazi yako."

Mkwe mkubwa aliuangalia ule mkono ulioshika wake.

Mtoto wa kwanza akafunga kikao. "Basi. Mashine ipumzike. Kuanzia leo mama anakula mkate wa nyumba hii peke yake, wa mke wangu. Tumekubaliana?"

Wakakubaliana.

Naomba mtazame alichopata mkwe mkubwa kwa dakika ile. Kila alichokitaka amepewa. Mpinzani wake yuko chini kwenye sakafu. Mashine imezimwa. Mkate wake umetajwa mbele ya ukoo wote kuwa ndio mkate. Hata asante aliyoitamani, mume wake aliitoa pale hadharani, "mke wangu amehangaika na mama, Mungu amlipe." Mtu aliyeona wivu akashinda hivyo, angeongeza nini tena?

Wageni walianza kuinuka. Wengine walikuwa barazani wanatafuta viatu. Na mama, kwenye kiti chake, mguu umefungwa, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Mwanangu, nikatie kipande. Cha kwako."

Mkwe mkubwa akaenda mezani. Mkate ulikuwepo, umefunikwa, wa kahawia, unang'aa. Akashika kisu. Akauweka mkono juu ya mkate, na mkate ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Sasa hakukuwa na mkate mwingine wa kumwokoa mama. Hakukuwa na mkate wa kitambaa. Hakukuwa na kesho ya kupunguza sukari. Kulikuwa na kisu, na kipande, na mama anayesubiri na vidole tisa.

Akakiweka kisu chini.

"Rudini ndani," akasema. Hawakusikia, akapaza sauti. "Rudini! Msiende. Si asali. Ni mimi."

Akasema yote. Unga mweupe, sukari iliyounguzwa, sukari iliyoongezwa juu yake, kuku. Alisema amesimama, akiangalia mkate, si watu. Mume wake alianza kufoka, mama akamnyamazisha kwa kuinua kiganja. Mkwe mdogo alikuwa bado amekaa sakafuni, mdomo wazi. Yeye ndiye aliyezungumza kwanza, tena kwa mshangao tu, bila hasira.

"Lakini dada, kwa nini rangi? Unga halisi si ulikuwepo dukani?"

"Niliununua. Ulinishinda. Ulitoka mgumu kama tofali, nikaufukia."

Mama akauliza:

"Huo mgumu, ulikuwa na sukari?"

"Hapana, mama."

"Ungenipa huo," mama akasema. "Ningeuchovya kwenye chai."

Mfano wangu unaishia hapo, na sitasema nani alimkumbatia nani, kwa sababu sitaki mtoke hapa na machozi matamu. Kwenye mfano huu kuna kidole kilichokatwa, na msamaha wowote uliotolewa jioni ile haukukiotesha upya.

Kidole hicho kilikuwa cha nani? Fikirini vizuri. Wivu ulikuwa umeelekezwa kwa mkwe mdogo. Yeye ndiye aliyelengwa. Lakini mkwe mdogo alitoka na vidole vyake vyote. Mkwe mkubwa, mwenye wivu, naye alitoka na vidole vyake vyote. Aliyekatwa ni wa tatu, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, ambaye alikuwa anaomba mkate tu.

Hivi ndivyo ilivyo kwetu. Tunadhani wivu ni jambo la siri kati yangu na fulani. Nitamnunia, atajua mwenyewe. Lakini unachokipika kwa ajili ya fulani, fulani hakili. Wanakula wengine. Viongozi wawili wa kwaya hawasalimiani, kila mmoja ana wimbo wake na hataki kufundishwa wa mwenzake, wanaokula ni vijana waliokuja kujifunza kuimba wakaacha kuja. Mwalimu wa watoto anajua njia nzuri ya kufundisha, wa darasa la pili anaiona kwa pembe ya jicho, anaona aibu kuuliza, anaokoteza kitu kinachofanana, wanaokula ni watoto. Kina mama wawili wa kamati ya chakula wanagombea nani anajua kupika pilau la msiba, anayekula wali mbichi ni mfiwa. Na majumbani mwetu, kaka na kaka, wifi na wifi, anayekula ni mzazi. Daima kuna mama kwenye kiti, anasubiri, anaamini kile tunachomkatia.

Na tuseme na hili, maana nisipolisema nitakuwa nimemwonea mkwe mkubwa. Alikuwa na njaa ya kweli. Alitaka kuonekana. Miaka ya maji ya kuoga bila asante inauma, na ninyi mlio na wagonjwa wanaouguzwa na mtu mwingine, nawaomba leo hii, mkifika nyumbani, mwambieni huyo mtu asante kwa maji. Msingoje alete mkate. Lakini njaa yake ya kweli hakuipeleka mahali pa kweli. Aliipeleka kwenye rangi. Sisi pia tunafanya hivyo. Tunaona sala za mwenzetu zina uzito, hatuendi kumuuliza anaombaje, tunajifunza sauti yake. Tunaona ndoa yake ina amani, hatumuulizi wanapatanaje, tunapiga picha kama yake. Kwa nje ni kahawia. Ufuta umenyunyizwa. Na ndani ni unga ule ule tuliokatazwa, na utamu wa kuficha uchungu wa kuungua.

Mungu hakututaka tuwe na mkate mzuri kuliko wa jirani. Angeupokea hata ule mgumu. Hilo ndilo linalonitisha na kunifariji kwa pamoja: kwamba kitu cha kweli ambacho tumekifukia kwa aibu kingeweza kumponya mtu.

Basi tunafanya nini? Dawa ni swali, na swali lenyewe ni fupi mno: "Mwenzangu, unafanyaje?" Hatulazimiki kulipenda. Tulitamke tu. Nimeona watu wamekaa kanisa moja mpaka nywele zimekuwa nyeupe, wanapita mlango mmoja, na swali hilo halijawahi kutoka kati yao.

Mmezoea wahubiri kuwaambia mgeukie jirani yako umwambie hivi na hivi. Sitawaambia hivyo. Jirani uliyekaa naye umemchagua. Nyanyua macho, mtafute yule uliyekaa mbali naye kwa makusudi. Tukitoka, kabla hujafika kwenye chai, kabla hujasalimia mtu mwingine yeyote, mwendee huyo. Mwambie, "Unafanyaje?" Halafu mtazame usoni anapokujibu, usiangalie dirishani.